Kuuza vitabu vilivyotumika mtandaoni: mwongozo kwa anayeanza na rafu moja

Maswali yananijia yaleyale. Nianze na vitabu vingapi? Bei napangaje? Mnunuzi akisema kitabu kimefika kimechanika, nani analipa? Nimeyajibu kwa vipandevipande mara nyingi mno, nikaona heri niyaandike yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa kazi yenyewe inavyokwenda, tangu unapokitoa kitabu kwenye rundo hadi kinapofika mkononi mwa msomaji.

Jambo moja nilitangulize, maana hatua zote zinalitegemea. Muuzaji wa vitabu vipya ana nakala zinazofanana, akitaja jina la kitabu amemaliza. Wewe unauza nakala hii moja, yenye jina la mtu ukurasa wa kwanza na doa la maji kwenye kona, kwa mnunuzi asiyeweza kuishika wala kuinusa. Anachonunua hasa ni maneno yako kuhusu kitabu hicho. Ndiyo maana nitakaa muda mrefu kwenye kukagua na kueleza hali ya kitabu, na mengine nitayapita haraka.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Vitabu 30 hadi 50. Usingoje upate 500. Kwa hivyo vichache utapitia kila hatua, na ukikosea hasara itakuwa ndogo.
- Mahali pakavu penye hewa, mbali na jua la dirishani. Vitabu visiguse sakafu wala ukuta wa nje. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 kwa muda, kuvu huanza kuota kwenye karatasi.
- Simu yenye kamera inayotoa picha ambayo hata maandishi madogo yanasomeka.
- Mizani ndogo na rula.
- Brashi laini, kitambaa kikavu, penseli laini na ufutio mweupe usioacha rangi.
- Maboksi magumu, mifuko ya plastiki, plastiki ya mapovu na selotepu pana.
- Lahajedwali au daftari moja la kuorodhesha kila kitabu.
- Akaunti ya kupokelea pesa iliyo tofauti na ya matumizi ya nyumbani. Wengi huiruka hii, halafu baada ya miezi sita hawajui kama biashara inawalisha au wao ndio wanailisha.

Hatua ya 1: Chagua uwanja unaoujua

Anza na aina ya vitabu ambavyo wewe mwenyewe unaweza kutofautisha kizuri na cha kawaida. Mwalimu aanze na vitabu vya kiada, fundi na vitabu vya ufundi, mpenda lugha na kamusi na sarufi. Riwaya zilizovuma sana zilichapwa kwa wingi, kwa hiyo nakala zake zilizotumika zimejaa kila mahali na bei yake huwa chini. Kitabu cha fani finyu kinaweza kukaa rafuni miezi, lakini anayekitafuta akikipata habishani sana juu ya bei.

Vitabu vya kiada vina msimu wake, wiki chache kabla na baada ya masomo kuanza. Vina na hatari yake: mtaala ukibadilika, au mchapishaji akitoa toleo jipya, rundo lako linakosa mnunuzi kwa siku moja. Usiweke akiba kubwa ya toleo ambalo limeshakaa sokoni miaka mingi.

Kosa la kawaida: kuchukua seti za ensaiklopidia na miongozo ya programu za zamani za kompyuta kwa sababu zinatolewa bure. Ni nzito, zinakula rafu, na gharama ya kuzituma peke yake hufukuza mnunuzi.

Hatua ya 2: Kusanya vitabu, ukivikagua kabla ya kulipa

Vyanzo vizuri ni familia zinazohama au zinazogawa mali ya marehemu, maktaba na shule zinazopunguza vitabu, minada ya hisani, na wasomaji wanaosafisha rafu zao. Kwa kila kitabu fanya haya kabla pesa haijatoka: fungua katikati unuse, pitisha kidole kwenye gundi ya mgongo uone kama kurasa zimelegea, tazama kurasa za mwisho, kisha pekua haraka ukiangalia namba za kurasa zinazoruka. Ni dakika moja tu.

Kitabu chenye mhuri wa maktaba kinahitaji pia mhuri au maandishi yanayoonyesha kuwa maktaba imekitoa. Kama hakuna, kiache. Kinaweza kuwa kimeazimwa na hakikurudishwa, na wewe utaonekana unauza mali ya wizi.

Hatua ya 3: Hakikisha unachouza ni halali

Kuuza tena kitabu halisi ulichokinunua kihalali kunakubalika kwa upana. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwanafunzi aliyekuwa akiuza mtandaoni vitabu vya kiada vilivyochapwa na kununuliwa nje ya nchi hiyo. Ikasema mwenye hakimiliki hawezi kumzuia mtu kuuza tena nakala halali. Faili ni habari nyingine. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuuza tena vitabu vya kielektroniki vilivyotumika kunahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kwa hiyo usiuze PDF, na usimwongezee mteja PDF kama zawadi juu ya kitabu alichonunua.

Nakala za wizi zilizochapwa au kutolewa fotokopi ujifunze kuzitambua: herufi zenye ukungu, maandishi yanayopanda na kushuka kutoka ukurasa hadi ukurasa, picha ya jalada iliyopauka, gundi iliyomwagika. Ukikuta moja kwenye rundo ulilonunua, itoe. Nakala za majaribio zinazogawiwa kwa wahakiki kabla ya kitabu kutoka, ambazo kwa kawaida zimeandikwa kwamba haziuzwi, nazo hukataliwa na baadhi ya majukwaa, yaani tovuti na programu za kuuzia mtandaoni. Soma masharti ya jukwaa lako kwanza.

Hatua ya 4: Kitambulishe kitabu

Hapa ndipo wanaoanza huharibu bila kujua. Jina na mwandishi havitoshi, maana kitabu kimoja kinaweza kuwa na matoleo kumi.

Fungua ukurasa wa hakimiliki, ule wa nyuma ya ukurasa wa jina. Tafuta ISBN, namba ya kimataifa inayotambulisha kila toleo la kitabu. Namba hii ilianza kutumika kimataifa mwaka 1970 ikiwa na tarakimu 10, na tangu Januari 1, 2007 ina tarakimu 13 zinazoanza na 978 au 979. Toleo la jalada gumu na la jalada jepesi huwa na namba tofauti, kwa hiyo hakikisha unayoinakili ni ya nakala uliyoshika. Ukikuta ISBN ya tarakimu 10 inayoishia na herufi X, hiyo X ni sehemu ya namba, iandike. Wala usibandike tu 978 mbele ya namba ya zamani: tarakimu ya mwisho hubadilika pia, na utajikuta umetangaza namba isiyokuwapo.

Kisha tofautisha toleo, yaani maandishi yenyewe yalivyoandaliwa, na chapa, yaani ni mara ya ngapi toleo hilo limepigwa chapa. Mwaka wa hakimiliki unakuambia maandishi ni ya lini, hausemi nakala yako ilichapwa lini. Wachapishaji wengi huweka mstari wa namba kama 10 9 8 7 6 5 4 3. Ile ndogo kuliko zote ndiyo chapa, kwa hiyo mfano huo ni chapa ya tatu. Usiandike "toleo la kwanza" kwa sababu tu umeona mwaka mmoja peke yake.

Kitabu kisicho na ISBN kinatambulishwa kwa mwandishi, jina kamili, mchapishaji, mji wa uchapishaji, mwaka na idadi ya kurasa. Usikidharau. Vingi vya kabla ya 1970 havina namba hiyo, na baadhi ndivyo vinavyotafutwa sana.

Hatua ya 5: Kagua ukurasa kwa ukurasa, kisha safisha kidogo

Nasema kidogo kwa makusudi. Vitabu vingi huharibiwa na usafi kuliko vumbi.

Shika kitabu kikiwa kimefungwa na kubanwa, pitisha brashi kingo za juu ukielekea nje kutoka kwenye mgongo, vumbi lisiingie ndani. Futa penseli taratibu, upande mmoja, bila kwenda na kurudi. Wino uache ulivyo. Kibandiko cha bei kipashe kwa hewa ya vuguvugu ya mashine ya kukaushia nywele, kisha kibandue polepole. Madoadoa ya kahawia ya uzee kwenye karatasi hayatoki kwa njia ya nyumbani, yataje tu kwenye maelezo.

Tahadhari:

- Usifute karatasi kwa kitambaa chenye maji. Itavimba na kukunjamana.
- Usibandike selotepu kwenye ukurasa uliochanika. Baada ya miaka hugeuka njano, hupitisha doa upande wa pili, na huishusha thamani kuliko mpasuko wenyewe.
- Kitabu chenye kuvu kitenge siku hiyohiyo, mbali na vingine. Kuvu huenea, na vumbi lake lina madhara kwa mapafu, hivyo vaa barakoa.
- Ukiona vitundu na unga mlaini, wamo wadudu. Kifunge kitabu kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, kiweke kwenye friza yenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kitabu kirudi kwenye joto la kawaida, vinginevyo unyevu wa hewa utatua kwenye karatasi baridi.

Wakati wa kukagua, weka karatasi pembeni na uandike kila dosari pale unapoiona. Ukisema utaikumbuka baadaye, ndiyo hiyohiyo mteja atakayokuandikia.

Hatua ya 6: Andika hali ya kitabu

Biashara hii ina madaraja yake ya hali. Jarida la wauza vitabu la Marekani, AB Bookman's Weekly, lilipendekeza orodha ya madaraja mwaka 1949, na majukwaa mengi bado yanatumia kitu kinachofanana nayo. Kwa Kiswahili mimi huyapanga hivi: kama kipya, nzuri sana, nzuri, ya wastani, ya kusomea tu.

Angalia lile neno "nzuri". Katika biashara hii maana yake ni kitabu cha kawaida kilichotumika, kurasa zote zipo, alama za matumizi zinaonekana. Mnunuzi asiyejua atasikia "kizuri" na kutegemea kitabu kinachong'aa. Kwa hiyo daraja peke yake halitoshi hata siku moja. Andika na dosari zenyewe, kwa namba za kurasa na vipimo. Mfano:

"Hali: nzuri. Jalada jepesi, kurasa 214, zote zipo. Mgongo una mikunjo miwili, haujaachia. Jina la mmiliki wa awali kwa wino ukurasa wa kwanza. Mistari ya penseli ukurasa wa 40 hadi 62. Doa la maji la upana wa sentimita 2 kona ya chini ya jalada la nyuma, halikuingia kurasani. Hakina harufu."

Linganisha na "kipo vizuri tu kwa umri wake", maneno ambayo hayamwambii mtu chochote. Vitabu vina wasomaji wa aina nyingi. Mwanafunzi hajali jina la mtu ukurasa wa kwanza, lakini mistari ya kalamu inamkera. Mkusanyaji anataka kujua kama lile jalada la karatasi linalovishwa juu ya jalada gumu lipo, na kama limekatwa kona yenye bei. Mwenye pumu anauliza harufu. Huwezi kujua ni nani anayesoma tangazo lako, basi yataje yote.

Ukisita kati ya madaraja mawili, chukua la chini. Nilipoanza nilikuwa napandisha, nikiogopa kwamba dosari zitafukuza wateja. Vitabu vilirudi. Nilipoanza kueleza kila doa, mauzo hayakupungua na marejesho yakakauka, na wapo wanaonunua tena kwangu kwa sababu tu kitabu cha kwanza kilifika kizuri kuliko nilivyoandika.

Hatua ya 7: Piga picha

Tumia mwanga wa mchana karibu na dirisha, bila flashi, kwenye kitambaa au ubao wa rangi moja. Picha za lazima: jalada la mbele, la nyuma, mgongo, ukurasa wa hakimiliki, na kila dosari uliyoitaja. Usitumie picha ya jalada uliyoikuta mtandaoni. Mnunuzi anataka kuona nakala atakayopokea.

Hatua ya 8: Panga bei

Tazama bei ambazo vitabu vimeuzwa, usiamini zile zinazoombwa. Baadhi ya majukwaa, kama eBay, yana kichujio kinachoonyesha mauzo yaliyokamilika. Bei inayoombwa inaweza kuwa ndoto ya mtu, au hata ya mashine. Mwaka 2011 kitabu kimoja cha kisayansi kuhusu nzi kilionekana Amazon kikiombewa zaidi ya dola milioni 23. Wauzaji wawili walikuwa wameziachia programu zao zipange bei. Moja ilijiweka chini kidogo ya mwenzake, ya pili ikajiweka juu ya mwenzake kwa zaidi ya robo, na hivyo zikasukumana kila siku bila binadamu kutazama.

Ukishapata bei ya soko, piga hesabu kurudi nyuma. Chukua kitabu cha 100, kwa sarafu yoyote. Jukwaa likikata 15, vifungashio 8, ulikinunua kwa 25, na sehemu yake ya nauli za kukipata na kukituma ni 5, umebaki na 47. Na hizo 47 ndizo zinazobeba vitabu ambavyo havitauzika kabisa. Jiwekee bei ya chini ambayo hushuki hapo. Kitabu kisichoweza kuifikia, kiuze katika fungu la vitatu au vinne vya somo moja, au kigawe.

Gharama ya kutuma ikokotoe kwa uzito wa kitabu kikiwa kimeshafungwa.

Hatua ya 9: Tangaza, na jua kila kitabu kilipo

Majukwaa makubwa ya vitabu yana wanunuzi wanaotafuta kwa ISBN, lakini yanakata kamisheni. Kurasa za mitandao ya kijamii hazikati, ila utajibu ujumbe mwingi wa "bado kipo?". Anza na jukwaa moja. Ongeza la pili ukishazoea.

Kipe kila kitabu namba ya rafu, kwa mfano B-014, iandike kwenye kipande cha karatasi kilichochomekwa ndani na kwenye lahajedwali. Kikiuzwa, kitoe kila mahali ulipokitangaza kabla hujafanya jambo lingine lolote.

Hatua ya 10: Pokea malipo kwanza

Picha ya muamala iliyotumwa na mnunuzi si malipo. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uone pesa. Anayedai kakulipa zaidi kwa bahati mbaya na kukuomba umrudishie ziada haraka, msubirishe mpaka mtoa huduma wa malipo athibitishe. Kwa kawaida hakuna pesa iliyoingia.

Hatua ya 11: Funga na tuma

Adui wa kitabu njiani ni maji na pembe kugongwa. Kiviringishe kwanza kwenye mfuko wa plastiki na uufunge. Kibane kati ya vipande viwili vya boksi vinavyozidi kitabu kwa sentimita moja kila upande, kisha ongeza plastiki ya mapovu na kifungashio cha nje. Kitikise. Ukisikia kitu kinacheza ndani, fungua ujaze. Selotepu isiguse kitabu mahali popote.

Usisahau kutoa ile karatasi ya namba ya rafu. Piga picha kifurushi kabla ya kukitoa, hifadhi risiti, na mtumie mnunuzi namba ya ufuatiliaji siku hiyohiyo.

Hatua ya 12: Andika hesabu

Kwa kila kitabu: tarehe ya kununua, gharama, tarehe ya kuuza, bei, makato, gharama ya kutuma. Uliza mapema mamlaka ya kodi ya unakoishi ni kiwango gani cha mauzo kinachokulazimu kujisajili.

Mambo yakikwama

*Kitabu kimekaa miezi mitatu hakijauzwa.* Kabla ya kushusha bei, kagua tangazo. Jina limeandikwa sawasawa? Mwandishi je? Picha ya kwanza inasomeka? Mara nyingi tatizo ni herufi moja iliyokosewa, hivyo anayetafuta hakioni. Kama yote ni sawa, shusha kwa asilimia 10, subiri mwezi.

*Ukitafuta kwa ISBN inaleta kitabu kingine au haileti chochote.* Hakiki namba ya tarakimu 13: zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 3, ya tatu kwa 1, uende hivyo kwa zamu hadi mwisho, kisha jumlisha. Jumla isipogawanyika kwa 10, kuna tarakimu umenakili vibaya. Ikigawanyika na bado inaleta kingine, huenda umechukua namba ya seti nzima badala ya juzuu moja, au mchapishaji alirudia namba. Hapo jaza maelezo ya kitabu wewe mwenyewe.

*Umeuza nakala moja kwa watu wawili.* Aliyelipa kwanza ndiye mwenye kitabu. Mrudishie wa pili pesa yote saa hiyohiyo, umweleze kilichotokea, usingoje kutafuta nakala nyingine.

*Mnunuzi anasema kimefika kimeharibika.* Omba picha ya kitabu na ya kifungashio. Dosari ikiwa imetajwa kwenye tangazo, mwonyeshe mstari huo kwa upole. Ikiwa uliisahau, kosa ni lako: mpe chaguo la kurudisha kwa gharama yako au kubaki nacho kwa punguzo. Kama kiliharibikia njiani, mrudishie kwanza, kisha udai kwa msafirishaji ukitumia picha uliyopiga kabla ya kutuma.

*Kifurushi kimepotea.* Fungua madai kwa msafirishaji kwa namba ya ufuatiliaji. Angalia muda wa mwisho wa kudai, huwa mfupi. Mnunuzi mpe tarehe maalumu ya kurudishiwa pesa kama hakijaonekana, na uitimize.

*Kitabu kizuri lakini kina uvundo.* Kisimamishe kikiwa wazi ndani ya boksi kubwa lenye bakuli la magadi ya kuokea au mkaa mkavu, bila kugusana, kisha funga boksi kwa wiki mbili. Badilisha magadi, rudia. Harufu ya moshi wa sigara inaweza kuchukua miezi, na wakati mwingine haiishi. Ikibaki, iandike kwenye tangazo.